Majengo ya Kale ya Kigali na Safari ya Kiswahili



Ipo miji iliyozaliwa na dhahabu. Mji wa Johannesburg ulianza mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand, na watu wa mataifa mengi wakamiminika huko. Mji wa Kigali haukuwa na dhahabu. Ulianzishwa kwa uamuzi wa watawala. Hata hivyo, nao uliwakusanya wageni wa asili mbalimbali, na wageni hao walihitaji lugha ya kuelewana. Majengo machache ya kale yaliyosalia yanatueleza lugha hiyo ilikuwa ipi, na waliokuwa wakiisema walitendewaje.

Tuanzie kilima cha Nyarugenge. Mwaka 1907 Richard Kandt, daktari na mvumbuzi Mjerumani aliyeteuliwa kuiwakilisha serikali yake nchini Rwanda, alifanya makao yake hapo, karibu na katikati ya nchi. Mfalme Yuhi Musinga alibaki Nyanza, upande wa kusini. Nyumba ya Kandt leo ni jumba la makumbusho. Wakati ule Rwanda ilihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako Kiswahili kilitumika katika shughuli za utawala. Wakaja askari, makarani na wafanyabiashara, wengine kutoka pwani, nao wakaja na lugha yao. Kwa hiyo, ndani ya mji huu, Kiswahili ni mkazi wa siku za mwanzo.

Mwaka 1913 uliacha alama mbili za ibada. Ya kwanza ni kanisa la Sainte-Famille, lililojengwa na wamisionari Wakatoliki. Ya pili ni msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo, msikiti wa kale kuliko yote nchini. Kanisa lilikuwa na shule na kibali cha watawala. Msikiti ulikuwa na jumuiya ndogo ya watu wa mjini ambao, hata walipokuwa Wanyarwanda kwa kuzaliwa, waliitwa Waswahili.

Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani mwaka 1916. Chini ya utawala wao, Waislamu wa Kigali walitengewa mtaa wao, eneo la Biryogo, na uhuru wao wa kwenda na kurudi ukawekewa mipaka. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo watoto wengi wa Kiislamu waliikosa. Kiswahili kikaanza kudharauliwa kama lugha ya watu wa kando. Utawala huohuo ulijenga gereza ambalo wakazi wamelizoea kwa mwaka wa kujengwa kwake: 1930. Lilitumika hadi mwaka 2018, wafungwa walipohamishiwa Mageragere.

Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ulifanywa mji mkuu ukiwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Kwa sensa ya mwaka 2022, wamezidi milioni 1.7. Katikati ya miaka hiyo upo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sainte-Famille, walikokimbilia maelfu ya watu, palikuwa mahali ambapo wengi walitolewa wakauawa. Jengo lilelile, basi, laweza kubeba sala na msiba, na raia hana ruhusa ya kuchagua kumbukumbu moja na kuiacha nyingine.

Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wapo wanaodhani kwamba hapo ndipo kilipovuka mpaka. La hasha. Sheria ilikipa heshima ambayo wakazi wa Biryogo na Nyamirambo walikuwa wamekitunzia kwa zaidi ya miaka 100, bila cheti wala cheo. Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Leo majengo marefu yanaota kila upande, na hilo ni jambo la kheri. Lakini nyumba ya kale ikibomolewa bila kuulizwa habari zake, shahidi ameondoka kabla ya kutoa ushahidi.

Zoezi: chagua jengo moja la kale katika mji wako. Andika aya mbili: nani alilijenga, nani alifungiwa nje, na leo ni la nani?