Mkuki wa Otenyo
Cherehani yangu iko Mosocho, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Jambazi akikamatwa, wateja hunibana: anyongwe au asinyongwe?

Mimi huanza na Otenyo. Nyanya alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, ingawa Waingereza walikwisha kwenda zao. Januari 1908, akichochewa na Moraa, nabii wa hapa kwetu Kitutu, Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni, Northcote. Northcote akapona. Otenyo akauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Hivyo ndivyo serikali ilivyotufundisha adhabu ya kifo: kwa jeraha la mtu aliyepona!

Zamani, alisema nyanya, aliyeua alitoa ng'ombe, ili waliofiwa waoe, wapate mtoto mwingine.

Kenya ilinyonga mara ya mwisho 1987; 2017 Mahakama ya Juu ikawaondolea majaji lazima ya kuhukumu kifo kwa mauaji. Lakini wizi wa mabavu ungali na kitanzi chake, hata asipokufa mtu. Namkumbuka Otenyo.

Mteja mmoja, aliyevunjiwa nyumba na kukatwa panga, hakubaliani nami. Nilipompima suti, mkono wa kushoto haukunyooka.