Mwalimu Kasema

Kwetu mtu anayefundisha kandanda huitwa mwalimu, sawasawa na yule wa darasani. Neno hilo tulihama nalo, na watoto wetu walipoanza kucheza mpira katika viwanja vya Scarborough tuliwakabidhi kwa walimu wa timu bila ya kuuliza mengi. Ndiyo maana, ndugu wasomaji, naanza na kisa cha riadha, kwani mizizi yake iko hapa hapa petu.

Mwaka 1976 kijana wa miaka 14, Ben Johnson, alihamia kutoka Falmouth, Jamaica. Alijiunga na klabu ya Scarborough Optimists, mikononi mwa Charlie Francis, aliyekuwa ameikimbilia Kanada katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Tarehe 24 Septemba 1988, mjini Seoul, Johnson alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Siku tatu baadaye alinyang'anywa medali: mkojo wake ulikutwa na stanozolo. Dhahabu akapewa Carl Lewis. Wahamiaji tunaikumbuka fedheha ile. Mgeni akishinda ni mwananchi. Akianguka, hurudishiwa ugeni wake siku hiyo hiyo.

Lililo kubwa zaidi lilisikika mwaka 1989, mbele ya tume ya Jaji Charles Dubin. Francis hakuficha. Alieleza kwamba Johnson alianza kutumia dawa mwaka 1981, na kwa ushauri wake yeye. Aliamini kwamba wakimbiaji wakubwa wa dunia walikuwa wakizitumia, na asiyezitumia ni kama ameanza mbio mita moja nyuma ya wenzake. Hoja ya namna hii ndiyo inayompoteza kijana. Mtu wa miaka 19 huijua desturi ya mchezo kwa kinywa cha mwalimu wake. Akiambiwa kwamba udanganyifu ndiyo desturi, kukataa huonekana ujinga. Na Francis alikuwa hodari wa kazi, wanariadha wake walimwamini. Hilo ndilo linalonitisha.

Kwenye mpira wa kulipwa ninaye wa kumweka upande wa pili. Wenzetu wa Kenya watamkumbuka Mjerumani Reinhard Fabisch, aliyeifikisha Harambee Stars fainali ya Michezo ya Afrika mwaka 1987, pale Kasarani, ikafungwa na Misri bao 1-0. Mwanzoni mwa 2008, akiwa na Benin katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ghana, alitangaza kwamba amefuatwa na mtu akitaka kumhonga ili mchezo uuzwe, naye amekataa. Benin ilifungwa mechi zote tatu. Angalipokea fedha zile, nani angalimshuku? Wachezaji wake walimsikia akiyasema hayo hadharani, nao wangali mashindanoni. Alifariki Julai mwaka huo huo.

Nami nina langu dogo. Mwanangu alipokuwa na miaka 10, siku moja alijiangusha ndani ya eneo la penalti bila ya kuguswa na mtu, wakapewa penalti, wakashinda. Garini nilimuuliza kwa nini.

"Mwalimu kasema," akajibu, wala hakuona haya.

Jumamosi iliyofuata nilifika uwanjani mapema, nikamwomba yule mwalimu tuzungumze kando.