Katekisimo Ndogo Ilivyohama Nyumbani

Katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther yamo maneno ambayo wengi wetu huyapita bila kuyatazama. Kabla ya Amri Kumi, kabla ya Imani, kabla ya Sala ya Bwana, na tena kabla ya sehemu za Sakramenti, mwandishi aliweka kichwa kinachosema kwamba mambo haya ndiyo yampasayo baba wa nyumba kuwafundisha watu wake kwa njia nyepesi. Ni kweli kwamba dibaji aliwaandikia wachungaji na wahubiri. Lakini wao walitakiwa kumpatia baba wa nyumba chombo, si kumwondolea kazi yake. Makala hii yakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyotoka mikononi mwake, kwa maana wazazi wanaotuletea watoto wa kipaimara mara nyingi hudhani kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu mwanzo.

Kati ya Oktoba 1528 na Januari 1529 Luther alikuwa miongoni mwa wakaguzi wa sharika za Saksonia. Yale aliyoyaona yalimhuzunisha: watu wa vijijini waliobatizwa hawakujua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawakuweza kufundisha. Januari 1529 sehemu za kwanza za Katekisimo zilichapwa kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani. Kitabu chenyewe kilifuata Mei mwaka ule ule. Tukumbuke pia nyumba ya mwandishi ilivyokuwa siku hizo. Yeye na Katharina von Bora walikuwa wameoana mwaka 1525. Mwana wao Hans alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Binti yao Elisabeth alikuwa amefariki Agosti 1528, akiwa na umri wa miezi michache tu, naye Magdalena alizaliwa mwezi ule wa Mei 1529. Basi kitabu hiki kiliandikwa na baba aliyetoka kuzika mtoto huku akimngojea mwingine. Swali linalorudiwa baada ya kila amri, ambalo kwa Kijerumani ni maneno matatu mafupi ya kuuliza kitu hiki ni nini, mimi hulisikia kama sauti ya mtoto wa umri wa Hans akishika vazi la baba yake.

Ndiyo maana kitabu hakiishii katika mafundisho. Mna sala ya kuamkia na sala ya kulalia, mna baraka ya chakula na shukrani baada ya kula. Baada ya sala ya asubuhi mtu aambiwa aende kazini kwa furaha. Baada ya ile ya jioni, alale mara moja. Lakini tusimpambe Luther kupita kiasi. Katika dibaji hiyo hiyo aliwashauri wazazi wawanyime chakula na kinywaji wale wanaokataa kujifunza, na mimi simshauri mzazi yeyote afuate neno hilo.

Je, mpango huu ulifaulu? Mwaka 1978 mwanahistoria Gerald Strauss alitoa kitabu juu ya malezi katika Ujerumani ya Matengenezo. Baada ya kusoma taarifa nyingi za wakaguzi wa karne ya 16, alifikia uamuzi kwamba kwa sehemu kubwa haukufaulu. Wanahistoria wengine wamembishia, wakisema kwamba wakaguzi huandika makosa kuliko mema, nami naona hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo jambo moja ni wazi: kadiri miaka ilivyopita, Katekisimo ilizidi kuwa kitabu cha shule na cha darasa la kipaimara, chenye maswali ya kukariri na mtihani mbele ya usharika.

Kitabu cha namna hiyo ndicho kilichopanda Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, hawakukuta baba Mkristo wa kumkabidhi. Waliokuja kwanza kujifunza walikuwa hasa vijana wa shule ya misioni, na jioni walirudi kwa wazazi wasiobatizwa. Hapo utaratibu wa Luther uligeuka juu chini: mtoto ndiye aliyeleta mafundisho nyumbani, na baba ndiye aliyeyasikia kwa mara ya kwanza, akipenda. Shule haikuwa kosa. Kwa kizazi kile njia nyingine ilikuwa vigumu kupatikana. Shida ni kwamba kizazi cha pili kilikuwa na baba na mama waliobatizwa, na desturi ikabaki vile vile.

Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Moshi ya Zamani hadi 1938, aliutambua upungufu huo. Alisisitiza kwamba usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, na aliandika kwa kirefu mafundisho ambayo wazee wa Kichaga waliwapa vijana wao. Wakosoaji wake husema kwamba aliupenda mno utaratibu wa kale, asione vema kiu ya vijana ya elimu mpya. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini aliona kwamba Mchaga hakuwa mtu asiyejua kulea: nyumba ilikuwa na mafundisho yake tangu zamani, nayo Injili ingeweza kuingia kwa mlango huo.

Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule za makanisa zikawa mali ya serikali. Vipindi vya dini vilibaki, ila shule haikuwa tena ya Kanisa. Nguzo tuliyoiegemea badala ya nyumba ikaondoka, na mzigo ukaangukia darasa la kipaimara na shule ya Jumapili.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wapya wa kipaimara ni nani aliyewafundisha Sala ya Bwana. Wengi humtaja mwalimu wa shule ya Jumapili, wengine mama, na bibi hutajwa kuliko nilivyotazamia. Mmoja alisema ni baba yake, ambaye kila asubuhi kabla ya kushuka kwenye kahawa huisali kwa sauti akiwa amesimama mlangoni na panga mkononi. Baada ya ibada nilimwita baba huyo nimshukuru. Akatangulia kuomba radhi, akidhani mtoto ameshindwa mtihani.