Hill Type-1, Spika ya Heliamu

Hill Type-1 ni spika ya kifahari iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Plasmatronics mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbunifu wake, Dkt. Alan Hill, alikuwa mtafiti katika maabara ya silaha ya Jeshi la Anga huko Albuquerque, New Mexico.

Spika ya kawaida husukuma hewa kwa kiwambo. Hata kiwe chepesi namna gani, kiwambo kina uzito: huchelewa kuanza na huchelewa kutulia, na kwenye matoazi au fidla sikio zuri hulitambua doa hilo. Hill alikiondoa kabisa. Ndani ya spika yake umeme wa volti nyingi hupita katika gesi hadi igeuke plazima, mwali wa rangi ya zambarau. Mkondo unapopanda na kushuka kufuata muziki, gesi hupata joto na kupoa, hutanuka na kunywea, na mtikisiko huo wenyewe ndio sauti.

Wazo lilikuwa la zamani. William Duddell aliifanya taa ya tao la umeme iimbe jijini London mnamo 1900 hivi, na katika miaka ya 1950 kampuni ya DuKane iliuza Ionovac, twita (spika ya sauti za juu) iliyotokana na uvumbuzi wa Siegfried Klein wa Ufaransa. Twita hizo ziliunguza hewa ya chumbani zikazalisha ozoni, gesi inayokereketa koo na kudhuru mapafu.

Hill akaachana na hewa, akatumia heliamu, ileile inayojaza maputo, kwa kuwa haiungani na chochote. Tena plazima yake ilishuka hadi mitetemo 700 hivi kwa sekunde, hivyo noti za juu za fidla zilitoka nzima kwenye mwali. Chini ya hapo zilifanya kazi spika za kawaida.

Ni ubunifu wa kuvulia kofia. Kilichoiponza ni mtungi wa heliamu: gesi ilipokwisha, mwenye spika alilazimika kununua mwingine ndipo asikilize tena santuri zake. Plasmatronics haikudumu. Leo anayebahatika kupata jozi anahitaji pia fundi aliyezoea volti za hatari na muuzaji wa gesi asiyekatika.

Lansche Audio ya Ujerumani imeuza spika za plazima miaka mingi baadaye, ila zake hutumia hewa ya kawaida, kwa sauti za juu tu.