Libasi ya Mwendesha Baiskeli katika Triathloni

Tarehe 18 Februari 1978, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, wanaume 15 walipojitosa baharini kuogelea kilomita 3.9, kisha wakapanda baiskeli kwa kilomita 180, na hatimaye wakakimbia marathoni nzima, libasi moja iliyoshonwa kwa ajili ya kazi zote tatu ilikuwa bado haijazoeleka. Wala haikuwa aibu, kwa kuwa kumaliza peke yake kulikuwa sharafu tosha, nao 12 walijaliwa kuipata.

Waendesha baiskeli, kwa upande wao, walikuwa na hasimu wao mkubwa, yaani upepo, ambao aongezaye kasi maradufu hukabiliwa na ukinzani wake mara 4; kwa sababu hiyo wakavaa vazi la kipande kimoja linalobana mwili, lililofumwa kwa nyuzi za Lycra, zilizobuniwa Marekani mwaka 1958.

Kwa wanatriathloni, kuliazima vazi hilo kuliwezekana, lakini kwa taabu. Pedi yake nene, iliyo raha kwa aketiye juu ya tandiko, hunywa maji baharini na kumchubua mapaja akimbiaye. Mikono ya vazi nayo humkaza bega mwogeleaji. Ndipo mafundi walipoipunguza pedi na kuchagua kitambaa kikaukacho upesi. Mwanatriathloni Mark Allen alipomshinda mpinzani wake Dave Scott kwa sekunde 58 katika triathloni ya Kona, Hawaii, mwaka 1989, mabega yao yalikuwa wazi. Leo warithi wao aghalabu huyafunika kwa mikono ya vazi kama la mwendesha baiskeli.