Nani Ana Haki ya Kutazama Ndege? Historia ya Jumatano Asubuhi Nairobi

Tangu mwaka 1971, Jumatano asubuhi, watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, saa tatu kasoro robo, kwenda kutazama ndege. Hakuna mtihani wa kuingia. Unafika, unasalimia, unalipa ada ndogo kama wewe si mwanachama, mnaanza kutembea. Siku nyingine wanabaki palepale kwenye bustani za makumbusho, siku nyingine wanagawana magari na kwenda sehemu nyingine ya jiji. Kufikia mchana kila mtu anashika njia yake.

Tunajua swali linalokuja: vijana wakimbizi na ndege, wapi na wapi? Kodi ya nyumba inadaiwa, karatasi zinakaribia kuisha muda, nyinyi mnaandika habari za kunguru? Hata wenzetu wa karibu wametuuliza. Lakini tulipofuatilia historia ya matembezi haya tuliona kwamba si historia ya ndege peke yao. Ni historia ya nani anaruhusiwa kutembea polepole mjini bila kuulizwa anatafuta nini pale. Na hilo, jamani, ni swali letu kabisa.

Kwanza ilikuwa bunduki

Zamani mtu aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi. Darubini nzuri zilikuwa chache, vitabu vya kubeba mfukoni havikuwepo, kwa hiyo mtaalamu aliua, akachuna ngozi, akajaza pamba, akabandika karatasi ya jina. Ndivyo makumbusho mengi ya dunia yalivyojaa.

Huku kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1909 ilianzishwa jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoitwa East Africa and Uganda Natural History Society. Rais wake wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, afisa mkubwa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Alikuwa mkusanyaji mkubwa wa ndege. Kitabu chake kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Jina lake lipo kwenye jalada. Waafrika waliobeba mizigo, waliojua ndege gani analala wapi, waliochuna ngozi usiku kwa taa ya mafuta, mara nyingi hawakuandikwa popote. Elimu yao iliingia kitabuni, majina yao yakabaki nje.

Kofia za akina mama

Mabadiliko kutoka bunduki hadi darubini yalianzia mbali na hapa, na yalianzia kwenye mambo ya mavazi. Miaka ya 1880 huko Marekani na Uingereza, mwanamke wa heshima alivaa kofia yenye manyoya, na mara nyingine ndege mzima aliyekaushwa. Mwaka 1886 kijana mmoja, Frank Chapman, alitembea mitaa ya New York akihesabu ndege. Hakuwahesabu mitini, aliwahesabu juu ya vichwa vya watu. Kofia alizoziona kama 700, nyingi zilikuwa na manyoya, na aliweza kutambua aina 40 za ndege. Ukifikiria, hayo nayo yalikuwa matembezi ya kutazama ndege mjini, tena ya kusikitisha sana.

Mwaka huohuo mwanafunzi wa chuo cha wanawake cha Smith, Florence Merriam, aliona wenzake wamevaa kofia hizo. Hakuwahutubia. Aliwatoa nje. Yeye na wenzake walimwalika mwandishi John Burroughs, wakaanza kutembea na wanafunzi kwa vikundi, wakiwaonyesha ndege walio hai. Alichofikiria kilikuwa rahisi: ukishamjua ndege kwa jina na kwa sauti, utaona aibu kumvaa kichwani. Miaka mitatu baadaye, 1889, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kutambua ndege kwa darubini ndogo ya kutazamia tamthilia.

Mwaka huo wa 1889, Uingereza, Emily Williamson alianzisha kikundi cha wanawake wa kupinga biashara ya manyoya karibu na Manchester. Wakati huo wanawake hawakuwa na kura. Kikundi chao ndicho kimoja kati ya vile vilivyozaa shirika la RSPB, ambalo leo ni kubwa sana. Tunapenda sehemu hii kwa sababu inaonyesha kitu: watu wasio na kura waliibadilisha biashara nzima, na chombo chao kimojawapo kilikuwa kutembea pamoja na kutazama.

Nairobi ya vipande

Turudi nyumbani, au tuseme hapa tulipo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaota kando yake. Mwaka 1907 ilianzishwa Arboretum, bustani ya miti, kwa kujaribu ni miti gani ya kigeni ingekua haraka, maana injini za treni zilikula kuni. Leo watu wanakwenda pale kupumzika, kusali na kutazama ndege. Mwanzo wake ulikuwa kuni.

Mji ule ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na upande wao wenye miti na nafasi, Wahindi upande wao, Waafrika walibanwa upande mwingine, na walihesabiwa kama wafanyakazi waliokuja kwa muda. Kuanzia mwaka 1920 hivi mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, karatasi ya utambulisho na ya kazi, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwafrika aliyetembea bila haraka kwenye mtaa wa wakubwa alikuwa na jambo la kueleza. Bustani zilikuwepo, ndege walikuwepo, lakini starehe ya kusimama chini ya mti ukitazama juu ilikuwa ya wachache.

Kwa hiyo mtu akituambia kutazama ndege ni mambo ya Wazungu, tunamjibu hapana. Bibi zetu walijua ndege kabla ya darubini. Kilichokuwa cha Wazungu ni ruhusa.

Jumatano ya Fleur Ng'weno

Mwaka 1971, miaka 8 baada ya uhuru, Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya Jumatano. Alikuwa mwandishi na mhariri, mke wa mwandishi wa habari Hilary Ng'weno, na watu wengi waliokulia Kenya wanalikumbuka gazeti la watoto la Rainbow alilolihariri. Jumuiya ile ya 1909 ilikuwa bado ipo, na leo inajulikana kama Nature Kenya. Upande wa Uganda, mwenzake ni NatureUganda.

Alichofanya si kitu cha ajabu. Alichagua siku, saa na mahali, na hakuvibadilisha. Aliendelea kwa miaka zaidi ya 40. Sisi tunaoishi maisha ya "njoo kesho", "mkutano umeahirishwa", "mradi umefungwa", tunajua thamani ya kitu kisichobadilika. Mtu aliweza kupotea miezi sita, akarudi Jumatano moja, akakuta watu palepale.

Jambo la pili: maarifa yalitolewa kwa mdomo, bila masharti. Kiongozi anasikia sauti, anasimama, anauliza: mmemsikia? Kisha anaeleza unamtofautishaje mwewe wa kawaida na tai kwa umbo la mkia, kwamba chozi anang'aa kwa jinsi mwanga unavyompiga, kwamba mbayuwayu huyu amefika kutoka Ulaya na ataondoka ikikaribia Aprili. Vijana wa Kenya waliokuja pale bila kazi na bila darubini wakajifunza wiki baada ya wiki, na wapo waliokuja kuwa waongozaji wa watalii na wanaishi kwa kazi hiyo. Hawakupewa cheti cha warsha ya siku mbili. Walipewa Jumatano nyingi.

Na Nairobi ina vya kutazama. Makorongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wanaokaa kwenye migunga kando ya barabara kubwa kama wazee wa baraza, watu wa Kampala wanawajua vizuri kwa jina la kalooli. Kwarara wanaopiga kelele alfajiri. Kuzumburu wenye mikia mirefu wanaotambaa kwenye vichaka kama panya. Kenya nzima ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na mbuga ya taifa iliyo mlangoni mwa jiji peke yake ina zaidi ya 400.

Bustani hazikubaki zenyewe

Ndege wa mjini wanahitaji miti, na miti ya mjini ina maadui wenye tai shingoni. Mwaka 1989 chama kilichotawala kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua, akapiga kelele, akatukanwa hadi bungeni. Wafadhili wakarudi nyuma, mradi ukafa, bustani ikabaki. Januari 1999 yeye na wenzake walikwenda kupanda miti kwenye Msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa kimyakimya kwa watu wa kujenga majumba, na walinzi waliokodiwa wakawapiga. Yeye alitoka damu kichwani. Leo watu wanaingia Karura na watoto wao, na watazama ndege wanasimama chini ya miti ile wakisubiri hondohondo.

Tunalisema hili kwa sababu mtu anayepita bustanini anaweza kudhani ni zawadi ya serikali. Kuna watu walilipa.

Darubini na karatasi

Tarehe 25 Mei 2020, Mmarekani mweusi Christian Cooper alikuwa akitazama ndege Central Park, New York. Alimwomba mwanamke amfunge mbwa wake, kama sheria ya sehemu ile inavyotaka. Mwanamke akapiga simu polisi kudai kwamba mwanamume mweusi anamtishia. Cooper alirekodi yote, na hakudhurika. Siku hiyohiyo George Floyd aliuawa Minneapolis. Ndani ya wiki moja vijana wanasayansi weusi walianzisha Wiki ya Watazama Ndege Weusi, kusema wazi: na sisi tupo bustanini.

Kwetu rangi si ndiyo inayotutenga. Ni karatasi. Desemba 2012 serikali ya Kenya iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Mwaka uliofuata agizo kama hilo likarudi, na watu wengi wakakamatwa Eastleigh. Hadi leo aliye Dadaab au Kakuma anahitaji ruhusa ya maandishi ili atoke. Kikopo cha chuma kimeondoka shingoni, karatasi imebaki mfukoni. Sasa mwambie kijana wa namna hiyo asimame kando ya ukuta wa watu na darubini mkononi!

Ndiyo maana tunasema kutembea kwa kikundi si urafiki tu, ni usalama. Mtu mmoja anayechungulia mti ni mshukiwa. Watu kumi na wawili wanaochungulia mti huohuo, pamoja na kiongozi anayejulikana, ni matembezi ya kutazama ndege.

Wenzetu hupenda kusema ndege havuki mpaka kwa pasipoti. Ni kweli nusu tu. Tangu mwaka 1969, kule Ngulia ndani ya Tsavo, watu huwanasa ndege wahamao kwenye nyavu usiku wa ukungu, huwavalisha pete yenye namba mguuni, kisha huwaachia. Hata ndege anasajiliwa! Tofauti ni hii: akishaandikishwa, anaachiwa aendelee na safari.

Kwa wafanyakazi wa mashirika, na kwa wenzetu

Ndugu zetu wa mashirika, tunashukuru kwa mafunzo ya ushonaji na kompyuta. Lakini kijana mkimbizi anapangiwa kila kitu kwa hesabu ya shida zake. Matembezi ya asubuhi hayahitaji bajeti kubwa: nauli ya matatu, darubini mbili za kupokezana, mtu mmoja anayejua, na ahadi kwamba wiki ijayo mtakuwepo tena. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kwenu. Anzieni hapo.

Na sisi vijana tuna kazi ambayo hakuna atakayetufanyia. Ndege tunaowaona hapa wana majina nyumbani. Korongo mwenye taji, ambaye Waganda humwita ngaali, ni umusambi kwa Wanyarwanda na Warundi, na ni alama ya ukoo wa Abanyiginya. Yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia kwenye kila ua wa Nairobi ni inyamanza, alama ya Abagesera. Wazee wanayajua majina haya na habari zake. Wadogo zetu waliozaliwa kambini wanasema "ndege" tu, basi.

Jackson aliandika kitabu na majina ya waliomfundisha yakapotea. Safari hii kalamu iko kwetu. Wiki hii muulize mama, bibi, au mzee wa jirani majina matatu ya ndege kwa lugha yake. Andika jina la ndege, andika lugha, andika kijiji lilikotoka. Kisha, mzee akikubali, andika na jina lake.