Setilaiti ya Malindi Iliyoona Nyota "Isiyokuwepo"

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni, tunaongelea mastaa wa juu kabisa, wale wa angani.

Wengi mnaijua Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, ndiyo maana ikapewa jina la Kiswahili. Sasa kuna mdogo wake ambaye haimbwi popote: SAS-2. Iliruka hapo hapo Novemba 1972.

Kazi yake ilikuwa kunasa mionzi ya gama. Huo ni mwanga kama mwanga mwingine, ila una nguvu mara mamilioni kuliko huu tunaouona. Hewa yetu inauzuia usifike chini, kwa hiyo ukiutaka lazima uufuate juu. Na Malindi iko jirani na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure.

SAS-2 ilidumu kama miezi 7 tu, umeme wake ukafa Juni 1973. Lakini iliona mambo! Mkanda wa galaksi yetu uling'aa gama. Nyota zilizokufa za Crab na Vela zilionekana zikipiga mapigo kama moyo. Halafu kikatokea kitu kimoja kinawaka vibaya sana, na darubini za kawaida zikiangalia pale hazioni kitu. Wataalamu wa Milano wakakiita Geminga, jina ambalo kwa kilugha cha kwao linasikika kama "haipo". Ilikuja kujulikana 1992 kwamba nayo ni nyota iliyokufa, inajizungusha kama mara 4 kwa sekunde. Leo darubini ya Fermi, iliyorushwa 2008, imeshahesabu vyanzo vya gama zaidi ya 5,000.

Kuwepo halafu uonekane haupo, sisi wa Kitete tunakuelewa. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji, vitabu vinawataja Burton, Speke, Livingstone na Stanley. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo yote ile begani, wangapi unawajua kwa jina?

Basi tusirudie. San Marco inatajwa kama kazi ya Waitaliano na Wamarekani. Kama una babu Malindi au Ngomeni aliyewahi kufanya kibarua pale, mrekodi sasa hivi, na jina lake kamili uliandike. Simu unayo.